Kupanga Fani Baada ya Kidato cha Nne: Anza na Mlango wa Mwisho

Matokeo ya Kidato cha Nne hutoka Januari, na siku hiyo hiyo kila shangazi anauliza: "Kapata divisheni ngapi?" Kwa anayepanga fani, hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: kazi anayoitaka inadai masomo gani mlangoni, na yeye ana daraja gani katika masomo hayo? Divisheni ni jumla tu. Wanaodahili hutazama somo kwa somo, na ndiyo maana mwenye Divisheni ya Pili anaweza kukwama mahali ambapo mwenye ya Tatu anapita.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa aliyemaliza Kidato cha Nne na mzazi anayekaa naye mezani.

Andika mnyororo kwa kurudi nyuma

Chukua karatasi moja kwa kila kazi unayoifikiria. Zisizidi tatu. Juu kabisa andika jina la kazi kama linavyoandikwa kwenye leseni au usajili. Chini yake andika nani anatoa usajili huo. Kisha cheti gani kinatakiwa ili usajiliwe, sifa za kuingia kwenye kozi inayotoa cheti hicho, tahasusi (mkusanyiko wa masomo matatu ya Kidato cha Tano na Sita) au stashahada inayokufikisha hapo, na mwisho kabisa masomo ya Kidato cha Nne.

Tuseme mtoto anataka uhandisi. Juu utaandika "mhandisi mtaalamu", msajili ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Shahada ni miaka minne, na mhitimu huanza kusajiliwa kama mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu anahitaji miaka ya kazi chini ya usimamizi, kwa kawaida mitatu. Sifa za kuingia: kozi nyingi za uhandisi zinataka Fizikia na Hisabati za Kidato cha Sita. Hapo tahasusi zilizozoeleka ni PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati). Mwenye PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) hana Hisabati ya Juu, kwa hiyo milango mingi ya uhandisi imeshafungwa, hata akipata A tatu. Njia ya pili ni stashahada ya ufundi katika vyuo kama DIT Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha, halafu shahada.

Kwa uwakili mnyororo una pete ambayo wengi hawaioni. Shahada ya sheria peke yake haimpi mtu uwakili. Baada yake kuna Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ndipo mhitimu anakubaliwa na Jaji Mkuu na kuandikwa kwenye orodha ya mawakili. Uhasibu nao ni hivyo hivyo: shahada inakupa kazi ya uhasibu, lakini CPA, cheti cha mhasibu mtaalamu, inatoka kwenye mitihani ya bodi ya wahasibu na wakaguzi (NBAA). Pete hizo za mwisho zina ada na muda wake, ziingie kwenye hesabu tangu leo.

Sifa za kuingia zisitoke kwa mjomba wala kwa dalali wa vyuo anayegawa vipeperushi stendi. Kwa shahada, soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kwa astashahada na stashahada, soma wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi. Yote miwili inapakuliwa bure kwenye tovuti zao. Hutolewa upya kila mwaka wa udahili na sifa hubadilika, kwa hiyo ile nakala iliyochapwa unayouziwa steshenari, tazama kwanza mwaka kwenye jalada.

Mfano mmoja kwa karibu

Binti anataka kuwa daktari wa binadamu. Matokeo yake, na pointi za kila daraja:

- Baiolojia B (2)
- Kiswahili B (2)
- Kemia C (3)
- Kiingereza C (3)
- Jiografia C (3)
- Uraia C (3)
- Fizikia D (4)
- Historia D (4)
- Hisabati F (5)

Divisheni huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: 2+2+3+3+3+3+4 = 20. Divisheni ya Kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya Pili 18 hadi 21, ya Tatu 22 hadi 25, ya Nne 26 hadi 33. Kwa hiyo ana Divisheni ya Pili, na nyumbani kuku amechinjwa.

Sasa Kidato cha Tano. Vigezo vya kuchaguliwa shule za serikali vimekuwa hivi: angalau alama za C au zaidi katika masomo matatu yasiyo ya dini, jumla isiyozidi pointi 25 kwa masomo saba, na kwenye masomo matatu ya tahasusi pointi zisizidi 10 bila kuwa na F hata moja. Binti huyu ana C na zaidi sita. PCB yake ni 4+3+2 = 9, anaingia. CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) ni 3+2+3 = 8, anaingia kwa raha zaidi. Kama Kemia ingekuwa D, PCB ingefika 10, bado ndani kwa unywele. Baiolojia nayo ikishuka kuwa C ingekuwa 11, na mlango ungefungwa.

Hapo familia nyingi husema: CBG ni rahisi, Fizikia imempa D, aende CBG. Kwa kazi ya kilimo, mazingira au ualimu ni uamuzi mzuri. Kwa udaktari wa binadamu umemtoa barabarani, kwa sababu kuingia moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita kunadai Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, na jumla isiyopungua pointi 6 kwa mizani ya TCU, inayoelezwa hapo chini. Akigundua hilo akiwa Kidato cha Sita, ameshachelewa.

Abaki PCB basi? Inategemea ile D ni ya namna gani. D ya Kidato cha Nne inaanzia alama 30 hadi 44, na cheti hakionyeshi kama ilikuwa 31 au 43. Mwalimu wake wa Fizikia anajua. Muulizeni, na mtazame alama za moku na za mihula. Kama alikuwa akichezea 40 na kitu, akaze buti. Kama alikuwa akibahatisha 30, PCB itakuwa miaka miwili ya mateso. Tena wanafunzi wa PCB husoma pia hisabati tumizi kama somo la nyongeza, na F yake ya Hisabati itamfuata humo.

Njia ya pili ni chuo cha kati: stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Sifa za kuingia ni ufaulu wa D nne katika masomo yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Anazo. Akimaliza anaweza kusajiliwa na kufanya kazi kama tabibu, kisha akaomba udaktari. Kwenye karatasi: Kidato cha Tano na Sita miaka 2, shahada 5, utarajali 1, jumla 8. Kupitia stashahada: 3, 5 na 1, jumla 9. Tofauti ni mwaka mmoja, na njia ya pili inampa kazi mkononi katikati ya safari. Kwa nyumba isiyo na uhakika wa fedha za miaka minane mfululizo, hiyo si tofauti ndogo.

Ila kuna shimo, na wengi huliona wakiwa wameshatumbukia. Miongozo ya TCU humtaka mwenye stashahada ya utabibu anayeomba udaktari awe na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0, na pamoja na hiyo angalau D za Kidato cha Nne katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Binti wetu ana F ya Hisabati. Chuo cha utabibu kitampokea bila kumuuliza, atasoma miaka mitatu, atatoka na GPA nzuri, halafu atasimamishwa na somo alilolifanya akiwa na miaka kumi na saba.

Dawa yake ni kurisiti Hisabati, yaani kurudia mtihani wake, mapema. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba. Afanye hivyo mwaka huu huu, kabla hajazama chuoni. Akichelewa, mtihani wa Novemba utamkuta katikati ya muhula, pengine yuko wodini kwenye mafunzo kwa vitendo, na chuo hakitamsubiri. Asirisiti kwa kukariri majibu ya miaka iliyopita pekee. Anahitaji D tu, yaani 30 kati ya 100, na D hiyo ipo kwenye mada za chini zinazorudi kila mwaka: seti, takwimu, uwiano, hesabu za biashara, jometri ya viwianishi. Miezi minane juu ya mada hizo inatosha.

Mizani mbili zinazochanganya watu

Baraza la Mitihani (NECTA) na TCU hutumia pointi kwa mwelekeo tofauti. Kwa NECTA pointi chache ndizo bora: Kidato cha Sita A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Kwa TCU pointi nyingi ndizo bora: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni 0.5. Sifa ya chini ya jumla ya kuingia shahada ni kufaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4.0 za TCU.

Mwanafunzi mwenye D, E, E: kwa NECTA ni 4+5+5 = 14, yaani Divisheni ya Tatu, kwa kuwa ya Tatu ya Kidato cha Sita ni 13 hadi 17. Anapigiwa simu za pongezi. Kwa TCU masomo yake mawili bora ni D na E, 2+1 = 3. Hafiki 4. Mwenye D, D, E ana 13, nayo ni ya Tatu hiyo hiyo, lakini kwa TCU ana 4 kamili na anaweza kuomba. Huyo wa kwanza asipoteze fedha za maombi ya shahada. Aende stashahada, au aulizie kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria.

Kubadili tahasusi

Tahasusi na vyuo hujazwa kwenye Selform, fomu ya machaguo, mwanafunzi akiwa bado shuleni, mara nyingi kwa kufuata rafiki au bora liende. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadili machaguo mtandaoni. Linafunguliwa kwa muda tu, kwa hiyo hakikisha unayo namba ya mtihani na taarifa za kuingilia kwenye mfumo. Panga machaguo yote kwa mnyororo wako. La kwanza likiwa PCB na la pili HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) kwa sababu "yoyote tu", utapangiwa hiyo yoyote. Tangu 2024 tahasusi zimeongezwa kutoka 16 hadi 65. Kabla ya kushangilia tahasusi mpya, ipitishe kwenye mwongozo wa TCU: ni kozi gani za shahada zinaitaja? Kama ni mbili tu, jua unaingia kwenye njia nyembamba.

Vyuo vya kati

Ngazi zinaitwa NTA. Ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada, ya 8 shahada. Aliyetoka Kidato cha Nne na ufaulu wa masomo manne huanzia ya 4 na kupanda, kozi nyingi zikichukua miaka mitatu hadi ya 6. Aliyemaliza Kidato cha Sita anaweza kupunguziwa njia katika baadhi ya kozi.

Kabla ya kulipa chochote angalia mambo mawili kwenye tovuti ya NACTVET: chuo kimesajiliwa, na kozi unayoitaka, katika ngazi unayoitaka, imeruhusiwa kufundishwa hapo. Watu huishia kwenye la kwanza. Kuna chuo chenye usajili halali wa kozi tatu kinachotangaza tano. Malipo yote yapitie kwa kumbukumbu namba ya malipo au akaunti ya chuo. Ukiambiwa utume kwa simu ya mtu binafsi "ili nafasi isipotee", ondoka.

Mwenye stashahada anayetaka kwenda shahada anahitaji pia namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, ambayo huombwa NACTVET. Inategemea chuo kuwa kimepeleka matokeo yako. Usingoje wiki ya kufunga maombi.

Ufundi stadi

VETA, mamlaka yenye vyuo vya ufundi stadi, bado inachukuliwa na wazazi wengi kama kapu la walioshindwa. Fundi wa viyoyozi au wa umeme aliyekamilika hana shida hiyo ya wazazi. Fikra hiyo ina madhara ya kiratiba: kozi ndefu huanza Januari na maombi hufanyika miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayengoja matokeo "yagome" ndipo aulizie VETA anakuta darasa limejaa. Omba mapema hata kama una matumaini ya Kidato cha Tano.

Mnyororo wa kurudi nyuma unafanya kazi hapa pia. Fundi umeme wa majumbani anayetaka kujitegemea anahitaji leseni ya kufunga umeme kutoka EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Bila hiyo atafanya wayaringi vizuri halafu atatafuta mwenye leseni wa kumgongea muhuri fomu ya TANESCO, na kumkatia chake. Uliza chuo: cheti hiki kinaniwezesha kuomba daraja gani la leseni, na kwa uzoefu wa muda gani? Aliyejifunza ufundi mtaani miaka mingi halazimiki kuanza upya. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa kwa vitendo, unapewa mafunzo ya kuziba mapengo, unapata cheti.

Fedha

Usiulize "ada ni shilingi ngapi?" Omba muundo wa ada kwa maandishi, wa miaka yote. Tafuta humo mitihani, bima, sare, vifaa, hosteli na fildi (mafunzo kwa vitendo nje ya chuo). Fildi ndiyo huvunja bajeti za kozi za afya, maana mwanafunzi anaweza kupelekwa mkoa mwingine na akatakiwa kujilipia chumba na nauli. Zidisha kwa miaka. Kidato cha Tano na Sita shule za serikali ada imefutwa tangu 2022, lakini fomu ya kujiunga inakuja na orodha ya godoro, ndoo, sare na michango, na wengi wamepangiwa bweni mbali na kwao.

Bodi ya Mikopo (HESLB) ilikuwa ya wanafunzi wa shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 inakopesha pia stashahada katika fani teule, zikiwemo afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati na madini, kilimo na mifugo. Mkopo si lazima ufunike ada yote. Kila mmoja hupangiwa kiwango chake, hivyo panga nani atajazia pengo hata kabla ya bumu (fedha za kujikimu) la kwanza. Mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Maombi ya mkopo hukwama kwa mambo madogo. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na uhakiki huo huchukua siku. Anza nao mara tu unapomaliza mtihani. Yatima ahakiki na vyeti vya vifo vya wazazi. Fomu ikishachapwa inasainiwa serikali ya mtaa na kwa wakili au hakimu, halafu kurasa zenye sahihi zinapakiwa tena kwenye mfumo. Wapo wanaosaini, wakatunza fomu kabatini vizuri kabisa, wakasahau kuipakia.

Majina

Weka mezani cheti cha kuzaliwa, cheti au matokeo ya Kidato cha Nne na kitambulisho cha NIDA. Soma herufi kwa herufi. "Mohamed" huku na "Muhammad" kule, au majina matatu huku na mawili kule, ni watu wawili tofauti mbele ya mfumo wa maombi. Kwa kuwa NECTA hufuata ulivyosajiliwa shuleni, mara nyingi kinachorekebishwa ni kile kingine, au unaandaa hati ya kubadili jina. Namba ya mtihani nayo iandike kamili: herufi, namba ya kituo, namba yako na mwaka. Mtahiniwa wa shule huanza na S, wa kujitegemea na P. Aliyerisiti ana namba mbili na anatakiwa kuzijaza zote, la sivyo ile Hisabati aliyoihangaikia haitaonekana.

Aliyechaguliwa vyuo vikuu zaidi ya kimoja hutumiwa msimbo wa kuthibitisha kwa simu. Tumia laini iliyo hewani muda wote, si ya kuazima. Asiyethibitisha kwa wakati anaweza kupoteza nafasi zote.

Na kama kuna mdogo wake nyumbani, karatasi hiyo ya mnyororo isingoje Kidato cha Nne. Baada ya mtihani wa Kidato cha Pili shule nyingi huruhusu mwanafunzi kuacha Fizikia na Kemia. Baiolojia na Hisabati hubaki. Ombi la kuziacha huandikwa dakika tano, kwa kawaida baada ya jaribio moja baya, na linafunga utabibu, uuguzi na uhandisi kwa pamoja. Mzazi aombe kuliona kabla halijapelekwa kwa mwalimu wa taaluma.